“Unanoa Kisu Unataka Kuua Nani?”

Kila nikiposti video ya kunoa kisu, komenti ya kwanza ni ile ile. “Mrembo, unataka kuua nani?” Halafu emoji tatu za kucheka. Kwa video ya juzi nimezihesabu, ziko 41, na nina uhakika wengi wa walioandika wakifika nyumbani jioni wanapikiwa na mtu aliyekata kitunguu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza jiwe ni la namba gani.

Sasa leo najibu kwa maandishi, kwa sababu video ya dakika moja na nusu haitoshi na mnaruka mbele mkifika dakika ya kwanza. Maoni yangu ni haya: katika maboma mengi ya huku kwetu Chwele, na najua si Chwele peke yake, kisu cha jikoni ndicho chombo kinachofanya kazi kila siku na ndicho kinanolewa mwisho. Na sababu si pesa. Ni kwa sababu anayekishika ni mama, dada, au msichana wa kazi. Kile kibanio mnachokicheka kwenye video zangu ndicho kitu cha kwanza nimeona kinachompa mtu yeyote makali ya ukweli bila kungoja mwanaume fulani apate nafasi.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika “feminist huyu”. Soma kwanza, utaandika baadaye.

Angalia boma asubuhi msimu wa kupalilia. Panga liko kwa jiwe kabla chai haijachemka. Kuna tupa maalum ya panga, na ole wako uihamishe. Shoka lina siku yake. Wembe wa kunyoa ukichoka unatupwa, unanunuliwa mwingine. Sasa ingia jikoni. Kisu kiko pale, mpini umefungwa na kipande cha tyubu ya baiskeli, makali yamejaa meno kama ya samaki. Mama akitaka kukata nyama anakisugua mara mbili kwa ngazi ya saruji pale kwa tenki, au kwa ile duara isiyong’aa chini ya kikombe cha udongo, halafu anaendelea. Hiyo ya kikombe hufanya kazi kidogo, siwezi kudanganya, ile sehemu ni ngumu kuliko chuma cha kisu. Lakini ni huduma ya kwanza tu.

Kukhu wangu ana kisu kimoja tangu sijazaliwa. Kimesuguliwa hadi kimebaki chembamba kama kijiti cha meno. Nikimwambia hiki kisu kimekufa, ananijibu, “Mjukuu wangu, si bado kinakata?” Hapana, Kukhu. Kisu kiliacha kukata zamani. Wewe ndiye unakata, kwa bega lako.

Na hapo ndipo hatari iko. Watu wanaamini kisu butu ni salama kwa sababu “hakiwezi kukukata vibaya”. Kisu butu unakisukuma. Ukikisukuma sana kwa kitu cha mviringo chenye ngozi laini, kama nyanya au kitunguu, kinateleza, na nguvu yote uliyokuwa umeweka inafuata kidole. Kisu kikali kinashika pale ulipokiweka. Nenda pale sokoni kwetu siku ya soko, kwa akina mama wanaokatakata sukuma wiki na kuiuza kwa mifuko, uwaombe wakuonyeshe kidole gumba cha mkono wa kushoto. Sitasema zaidi.

Kuna watafiti Marekani walipima hii kitu kwa wakata nyama wa viwandani, matokeo yakatoka mwaka 2003: kisu kikiwa butu, mkono unabana mpini kwa nguvu zaidi na kazi hiyo hiyo inachukua muda mrefu. Wale ni watu wanaolipwa kukata nyama mchana kutwa. Mama wa sukuma anakata pia mchana kutwa, tofauti ni kwamba hakuna mtu amewahi kumpima kiganja.

Na kitunguu je? Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walitengeneza kimashine kidogo cha kudondosha kisu juu ya kitunguu, wakakipiga kwa kamera ya kasi sana. Wakaona kisu butu kinaikandamiza ngozi ya kitunguu kwanza, presha inajijenga ndani, halafu ikipasuka maji yanaruka juu kama chupa ya soda iliyotikiswa. Kisu kikali, ukikata pole pole, matone yanapungua na hayaruki sana. Kwa hivyo yale machozi unayolia ukisaidia jikoni, halafu mtu anakuchekelea ati huwezi kazi, sehemu kubwa ni kosa la kisu.

Kitu kinachonishangaza zaidi ni kwamba sisi Wabukusu ndio watu wa mwisho wanaofaa kuelimishwa kuhusu makali. Kila Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, nyumba nzima nzima zinasimama kwa sababu ya kisu kimoja. Mimi ni msichana, sina mengi ya kusema kuhusu mambo ya pale uwanjani, na sitajifanya. Lakini hakuna mzee wa hapa atakayekuambia lukembe butu ni salama kwa kijana. Mtu akisema hivyo atafukuzwa boma. Wote wanajua makali ni huruma: kitu kikali kinamaliza haraka, kidonda kinakuwa safi. Ujuzi huo tunao. Tumeukataza tu kuingia jikoni.

Sasa hicho kibanio chenyewe.

Ni kitu rahisi, kinatisha tu kwa picha. Kuna kibanio kinachoshika kisu kwa mgongo, makali yakikuangalia au yakiangalia pembeni kulingana na muundo. Kuna nguzo yenye tundu. Kuna fimbo nyembamba ya chuma iliyoshikilia jiwe, na fimbo hiyo inapita kwenye tundu. Unavuta na kusukuma jiwe juu ya makali. Kwa sababu fimbo imefungwa pale kwa tundu, jiwe haliwezi kuinama zaidi wala kulala zaidi. Pembe inabaki ile ile kutoka mara ya kwanza hadi mara ya mia mbili. Hiyo tu ndiyo siri. Mtu anayenoa kwa mkono mtupu anajifunza miezi na miezi ili mkono wake uwe ile fimbo.

Kampuni ya Lansky ya Marekani ndiyo iliyotangaza sana muundo wa kibanio kidogo chenye matundu manne: digrii 17, 20, 25 na 30. Siku hizi kuna za Kichina zenye nguzo ndefu ambayo unapandisha na kushusha tundu mwenyewe. Yangu ni ya aina hiyo. Nililipa shilingi 2,600 pamoja na usafiri, duka la mtandaoni ambalo sitalitaja likanitumia mawe manne moja likiwa limevunjika, na hadi leo “wanafuatilia”. Mawe ni namba 120, 320, 600 na 1500. Namba ikipanda jiwe linakuwa laini, kama vile msasa.

(Na jiwe la kunolea kwa Kiswahili ni kinoo. Si ile Kinoo ya njia ya kutoka Nairobi kwenda Limuru. Nilisema “kinoo” kwa live, nusu saa watu wakaniuliza kama nimehama.)

Kisu cha jikoni kinataka digrii 15 hadi 20 kila upande. Panga linataka zaidi, 25 hadi 30, kwa sababu linapiga kitu kigumu na makali membamba yatakunjika. Lakini hapa kuna kitu ambacho video nyingi haziwaambii: ile namba iliyoandikwa kwenye nguzo ni ya kukadiria tu. Pembe inategemea kisu kimetokeza kiasi gani nje ya kibanio. Chukua tundu liko sentimita 7 juu ya usawa wa kisu, na makali yako sentimita 20 kutoka kwa nguzo. Hiyo ni digrii 19 na kidogo. Weka kisu kipana zaidi, makali yasogee hadi sentimita 22, tundu likiwa pale pale. Umeshuka chini ya 18. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, mambo ya karo, hadithi ya siku nyingine, na sikuwahi kuona kazi ya tanjenti hadi siku niliponunua kibanio cha kunolea visu. Mwalimu wangu wa hesabu wa sekondari akisoma hii atafurahi au atalia.

Kama hesabu haikupendi, tumia simu. Simu nyingi zina programu ya kupima mwinamo, ile ya kuangalia kama meza imelala sawa. Iweke kwanza juu ya bapa la kisu, halafu juu ya jiwe, utoe. Na tumia maka pen: paka rangi kwenye makali yote, piga jiwe mara tatu, angalia. Rangi ikitoka juu karibu na bapa tu, pembe yako ni ndogo sana. Ikitoka kwa ukingo wa mwisho tu, ni kubwa sana. Ikitoka yote, endelea.

Sasa kosa ambalo kila anayeanza hulifanya, nimeona kwa wote niliowaazima: wanahesabu mara. Ati piga mara ishirini upande huu, ishirini ule. Kisu hakijui kuhesabu. Unapiga upande mmoja hadi chuma kijikunje upande wa pili. Kinakuwa kama nywele, hukioni vizuri lakini ukipitisha kidole kutoka kwa bapa kuelekea nje (kuelekea NJE, si kufuata makali, jamani) unakisikia kinakwaruza. Kikisikika kutoka kwa mpini hadi kwa ncha, bila kuruka mahali, ndipo unageuza. Kama kuna sehemu hakuna nywele, hapo hujafika, na hata ukipanda jiwe namba 1500 ukae siku tatu, hapo patabaki butu. Ukishafanya pande zote mbili unapanda jiwe laini, ukipunguza nguvu, na mwisho unabadilisha upande kila mara ukigusa tu, ili ile nywele ing’oke. Malizia kwa mshipi wa ngozi wa zamani, ukivuta kisu kinyumenyume.

Jiwe la 120 liache kama kisu hakijaharibika sana. Linakula. Kisu cha kawaida anza na 320. Weka maji na tone la sabuni ya vyombo. Dakika 20 mara ya kwanza, na baada ya hapo, ukirudi kila wiki mbili, ni dakika tano. Jaribio langu ni nyanya iliyoiva sana, zile laini zinazouzwa jioni kwa bei ya kutupa. Weka kisu juu, usisukume, vuta tu. Uzito wa kisu peke yake ufungue ngozi. Kunyoa nywele za mkono mbele ya kamera ni sarakasi, na mimi pia nimeifanya kwa sababu inaleta watazamaji, lakini nyanya ndiyo hakimu.

Kibanio kina shida zake na nitazisema, kwa sababu wale wanaoposti na kuponi ya punguzo hawasemi. Kwenye ncha, pale kisu kinapojipinda, pembe inabadilika hata ufanye nini. Kisu chembamba sana kinakataa: kile cha Kukhu, jiwe lilikuwa linagonga kibanio kabla halijafika kwa makali, ikabidi nipandishe hadi 25. Kisu kirefu lazima ukihamishe mara mbili. Kibanio kinakwaruza bapa, weka selotepu. Mawe ya bei rahisi yanajichimba katikati baada ya muda, unayasawazisha kwa msasa uliowekwa juu ya kioo. Na panga halitoshei. Msiniletee panga.

Sasa hapo kwa bei ndipo nilipopigwa sana, na baadhi ya ngumi zilikuwa halali. “2,600 ndio ninoe kisu ya 120?” Tufanye hesabu. Kama nyumba yenu ina kisu kimoja na mnamlipa fundi shilingi 30 mara moja kwa mwezi, hiyo ni 360 kwa mwaka. Kibanio kitarudisha pesa yake baada ya miaka saba. Usinunue. Naongea kama mtu anayetaka muendelee kuniamini.

Lakini chukua akina mama sita wanaouza mboga kwa laini moja. Kila mmoja ananolewa kisu kila wiki kwa 30. Kwa mwaka ni 1,560 kila mmoja, na wote sita ni 9,360. Ongeza visu vinavyoisha. Anayekata sukuma kila siku na kunolewa kwa gurudumu kila wiki hubadilisha kisu karibu mara tatu kwa mwaka, tuseme 150 kila kimoja. Hiyo ni 2,700 nyingine kwa laini nzima, zaidi ya bei ya kibanio. Jumla imepita 12,000. Na makali ya gurudumu kufika siku ya tatu yamelala. Sukuma iliyokatwa na kisu butu imepondwa, haijakatwa. Pembeni inabadilika rangi haraka, na mteja wa jioni anaiangalia anapita. Hiyo hasara hata sijaiweka kwa hesabu.

Kwa hivyo kibanio ni kitu cha kununua pamoja. Chama, plot, laini ya soko, hata hosteli. Huku watu wanachanga kununua viti vya plastiki na sufuria kubwa za matanga. Kibanio ni bei ya viti vichache tu.

“Na mzee wa baiskeli atakula wapi?” Hii ndiyo komenti iliyonifanya nifikirie, kwa sababu namjua mzee wa baiskeli. Anakuja siku za soko, anasimamisha baiskeli kwa stendi, anaketi, anapiga pedali, gurudumu la mawe linazunguka na cheche zinaruka. Watoto wanasimama hapo saa nzima. Nilimwendea na kibanio changu, nikamwonyesha. Alikigeuza geuza kwa heshima kabisa. Halafu akaniambia, “Msichana wangu, siku ya soko mimi nanoa visu sitini. Nikianza hizi digrii zako nitalala njaa.”

Yuko sawa. Analipwa kwa haraka. Sekunde arobaini kwa kisu, na katika sekunde arobaini hakuna njia ingine isipokuwa kukula chuma. Pembe inatoka kwa jicho lake, na jicho lake ni zuri, kumbuka, limefanya kazi hii kabla mimi sijaenda nasari. Gurudumu lake la miguu hata halipati moto sana. Hatari kubwa ni zile grainda za umeme za mafundi wa kuchomelea milango, ambapo vijana wanapitisha kisu mara mbili na kinatoka na rangi ya bluu kwa ukingo. Hiyo bluu inamaanisha chuma kimefika karibu digrii 300 za joto, ugumu wake umepungua pale, na utakinoa kila siku bila kuelewa mbona hakikai. Ukiona bluu, ujue umelipa mtu akuharibie kisu.

Mzee ana kazi ambayo kibanio hakiwezi: mapanga, majembe, shoka, makasi ya mafundi wa nguo, visu vya bucha vilivyovunjika ncha. Nilimuuliza wale wa visu vya jikoni ni wangapi kati ya wateja wake. Akacheka. “Wanawake huleta kisu wakati wa Krismasi.” Wanawake huleta kisu wakati wa Krismasi! Mwaka mzima panga limepita pale mara ishirini. Kwa hivyo tusimtumie mzee kama ngao. Kibanio hakimnyang’anyi kazi ambayo hakuwa akipewa.

Halafu kuna wale wa upande mwingine, vijana wa visu vya Kijapani, ambao hawajali bei. Wao wananiambia kibanio ni cha waoga, mtu wa ukweli ananoa kwa mkono juu ya jiwe la maji kama mafundi wa Sakai. Bro, nakubali ni sanaa. Nimeitazama hadi saa nane usiku. Lakini hiyo miezi sita ya kujifunza mkono, utaharibu kisu cha nani? Kisu cha mama yako ambacho anakihitaji saa kumi na mbili jioni? Mama wa sokoni hana miezi sita. Ana watoto, ana mkopo wa chama, ana mvua ya saa tisa. Na kitu kimoja nimekiona: mtu aliyetumia kibanio miezi miwili, ukimpa jiwe mtupu, mkono wake unajua digrii 20 inakaa wapi. Jicho limeshaiona. Kwa hivyo hata sanaa yenu inapata wanafunzi.

Vile vidude vya kuvuta kisu kati ya vyuma viwili vya V, vya supermarket, sitavijadili. Vinararua.

Narudi kwa ile komenti, kwa sababu nimeizunguka na sitaki mseme niliiogopa. “Unataka kuua nani?” Tarehe 27 Januari 2024 watu walijaa barabara za Nairobi, Mombasa, Kisumu na miji mingine kwa sababu wanawake wa nchi hii wanauawa, na mara nyingi anayewaua ni mtu waliyemjua, mtu aliyekula chakula chao. Majina yaliyoandikwa kwa mabango siku hiyo yalikuwa ya wanawake. Nchi yenye mabango hayo inamwona msichana wa miaka 22 ananoa kisu cha nyanya, na inaogopa msichana. Mwanaume akiposti akinoa panga la urefu wa mguu wake, komenti zinasema “kazi nzuri mkuu”. Nimeenda nikaangalia. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza.

Na sasa naelewa mbona visu vya jikoni viko vile viko. Hakuna mkutano ulioketi ukaamua mama akate na kisu butu. Ni mchezo mdogo mdogo. Msichana akishika jiwe, anaambiwa ataharibu. Akinoa vizuri, anaulizwa ana hasira na nani. Akiomba ndugu yake amnolee, ndugu anasema kesho. Baada ya miaka kumi ya kesho, anajifunza kusukuma kwa bega na kuita hiyo nguvu.

Senge yangu mmoja alijaribu kisu nilichomnolea Jumapili, akakata kuku mzima, akatenganisha viungo vyote, kisha akasimama akaangalia kisu kama mtu ameambiwa siri. Neno lake la kwanza: “Kumbe mikono yangu haina shida.” Alikuwa amefikiria ni uzee. Ana miaka 47.

Wazazi wenye watoto wadogo, swali lenu ni la maana na si la utani: kisu kikali kikae wapi? Juu, ndani ya kifuniko. Kata kipande cha boksi ngumu, kunja mara mbili juu ya makali, funga na selotepu, tayari. Mwambie mtoto waziwazi kwamba sasa hiki kinakata. Mtoto aliyezoea kukisugua kisu kwa mkono bila kukatwa ndiye atakayeumia siku akienda nyumba yenye kisu kizuri.

Kwa sasa kibanio changu kiko kwa laini ya mboga upande wa chini wa soko, kimefungwa kwa ubao wa meza na skrubu mbili. Wanakitumia zamu, wameweka sheria zao: anayevunja jiwe ananunua, na hakuna kunolea mwanaume bila kulipa. Hiyo ya pili hawakuniuliza. Wiki jana kijana wa bucha alileta visu vitatu na akalipa 50 kila kimoja, pesa ikaingia kwa kikopo. Alikuwa na haraka, akauliza kama hawawezi kufanya kwa dakika moja. Akaambiwa mzee wa baiskeli yuko pale mbele, aende. Akakaa akangoja.

Mliouliza kuhusu makasi ya kushonea: hapana, hayo pelekeni kwa mzee. Mliouliza kuhusu kisu cha mkate chenye meno: kibanio hakiwezi na jiwe bapa, kinataka fimbo ya mviringo, na sijapata nzuri bado. Nikipata nitaposti. Komenti ziko wazi, lakini anayeanza na “unataka kuua nani” ataulizwa kwanza atuambie kisu cha kwao kilinolewa lini, na nani.